Phoenix: ni jina la ndege, la mtende, la rangi au la watu?

Msomaji wa Pangani

Ndugu zangu, ninaandaa faharasa fupi ya viumbe wa visasili kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari, na nimekwama kwa yule ndege ambaye Kiswahili cha siku hizi humwita finiksi, anayesemekana kuishi mamia ya miaka, kufa, kisha kuzaliwa upya kutokana na mabaki yake mwenyewe. Habari za maisha yake hazina tabu kuzipata. Kinachonisumbua ni jina. Kamusi ya Kigiriki cha kale niliyoazima inaonyesha kwamba neno *phoinix* lina maana nne ambazo kila moja inasimama peke yake: ndege huyo, mti wa mtende pamoja na tunda lake, rangi nyekundu iliyokolea inayokaribia zambarau, na mtu wa Foinike, nchi ya pwani yenye miji ya Tiro na Sidoni ambayo wasomaji wa Biblia wanaifahamu.

Naomba kuelezwa ni ipi kati ya maana hizo iliyotangulia, na jina lilimfikia ndege kwa njia gani. Nimesoma mahali pengi kwamba Wagiriki walilisikia tu jina la ndege wa Misri aitwaye *bennu* wakalitamka vibaya, lakini maelezo hayo hayasemi lolote kuhusu mtende wala rangi. Tena, nilipokuwa natafuta, nilikuta kwamba mkindu wetu huu, ambao akina mama wa huku hukata makuti yake kwa ajili ya mikeka, kitaalamu unaitwa *Phoenix reclinata*. Ningependa kujua mti wa mikeka umepataje jina la ndege asiyeonekana, kwa sababu mwanafunzi wa pwani atakayekutana na jina hilo bila shaka ataniuliza.

Mwalimu Mstaafu

Umefanya vyema kuuliza kabla ya kuandika, kwa kuwa vitabu vingi hurudia jibu moja jepesi na kuliacha swali lenyewe pembeni. Nianze na ushahidi wa zamani kuliko wote.

Katika magofu ya kasri la Pylos, kusini-magharibi mwa Ugiriki, vilipatikana vibao vya udongo vya yapata mwaka 1200 KK, vilivyoandikwa kwa mwandiko uitwao Linear B, ambao Michael Ventris alifaulu kuusoma mwaka 1952. Kimojawapo ni orodha ya samani, na humo karani ametaja kigoda kilichopambwa kwa pembe ya ndovu kwa sura za mtu, farasi, pweza na *po-ni-ke*. Hilo la mwisho ndilo neno lako, limeandikwa kwa silabi kama ilivyokuwa desturi ya mwandiko ule. Karani alijua alichokiona, hivyo hakuona haja ya kufafanua, nasi tumebaki kubishana: wapo wanaosoma kwamba kigoda kilichongwa mtende, na wapo wanaosoma kwamba kilichongwa kiumbe wa kubuni mwenye mabawa, kwa sababu mafundi wa zama zile walipenda kuchora vyote viwili. Mimi naegemea upande wa mtende, maana hiyo ndiyo inayojitokeza waziwazi katika Kigiriki cha baadaye, ilhali kiumbe mwenye mabawa na kichwa cha tai alikuwa na jina lake jingine. Vyovyote iwavyo, neno lilikuwa limekwisha kuwa la Kigiriki karne nyingi kabla ya Mgiriki yeyote kutuandikia habari za ndege wa Misri.

Ushahidi wa pili ni beti chache zinazohusishwa na mshairi Hesiod, ambazo zimetufikia kwa kunukuliwa na Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa zama za Warumi. Zinasema kwamba kunguru huishi vizazi tisa vya binadamu, kulungu huishi maisha manne ya kunguru huyo, kunguru mkubwa huishi maisha matatu ya kulungu, na *phoinix* huishi maisha tisa ya kunguru mkubwa. Ukizidisha utapata vizazi 972 vya watu. Tazama kilichomo na kisichokuwamo: hakuna Misri, hakuna kufa na kufufuka, hakuna moto. Yupo ndege wa umri mrefu mno, ambaye wasikilizaji wanamjua tayari kwa jina.

Ndipo katika karne ya 5 KK anakuja Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, ambaye katika kitabu chake cha pili anaeleza kwamba watu wa Heliopolis, mji wa jua, walimsimulia ndege aitwaye *phoinix* anayetokea mara moja kila baada ya miaka 500, akitoka Uarabuni na kumbeba baba yake aliyekufa ndani ya donge la manemane ili amzike katika hekalu la jua. Herodotus anakiri kwamba hakumwona ila katika picha, na anasema wazi kuwa hasadiki kisa hicho. Anataja pia manyoya yake, kwamba mengine ni ya dhahabu na mengine mekundu, na umbo lake kwamba ni kama la tai. Nitarudi kwenye wekundu huo, kwa sababu nadhani ndimo jibu lilimo.

Sasa kuhusu rangi na watu. Kigiriki kina kivumishi *phoinos*, chenye maana ya wekundu wa damu, na wengi wamekihusisha na *phonos*, yaani mauaji. Kwa maelezo haya *phoinix* kwanza ni kitu chekundu, kisha ni rangi ile iliyotolewa katika konokono wa baharini wa Tiro, kisha ni watu walioitengeneza na kuiuza. Wengine huanzia upande wa pili: watu walitangulia, na rangi pamoja na mtende vikaitwa kwa jina lao kwa sababu vililetwa nao. Hoja zote mbili zina nguvu. Tukumbuke tu kwamba wenyewe hawakujiita hivyo hata siku moja. Walijiita kwa jina la mji wao, au Wakanaani, na hata mwishoni mwa karne ya 4 BK Augustino aliandika kwamba wakulima wa karibu na Hippo, huko Afrika ya Kaskazini, walipoulizwa wao ni nani walijibu kuwa ni Wakanaani. Jina la *Phoinikes* ni la Wagiriki waliowatazama kutoka ng'ambo ya bahari.

Kwamba bidhaa huitwa kwa jina la watu waliozileta si jambo geni kwetu. Manga ni jina la zamani la Uarabuni, na hasa Omani, na kwa hiyo tuna pilipili manga na tuna komamanga. Warumi nao, ambao neno la Kigiriki liliwafikia kwa sura ya *Poeni* na *Punici*, waliliita komamanga hilo hilo tunda la Kipuniki, na wataalamu wa mimea wameendelea kuuita mti wake *Punica granatum*. Lugha mbili zisizojuana zimelitazama tunda moja na kulipa jina la wageni waliolileta.

Jibu langu, basi, ni kwamba ndege ndiye aliyekuja wa mwisho katika neno hili, na kwamba jina halikumfuata tu, bali lilimchora. Wagiriki walipomhamishia ndege wa Misri jina la ndege wao wa umri mrefu, maana nyingine za neno zilimwingia: akawa mwekundu kwa sababu *phoinix* ni wekundu, akatokea mashariki kwa sababu *phoinix* ni mtu wa mashariki, na Ovid, mshairi wa Kirumi, alipomwimba katika shairi lake la mageuzi alimjengea kiota juu ya kilele cha mtende, akatanguliza kwamba Waashuru ndio wanaomwita kwa jina hilo. Ndege wa Misri mwenyewe hakuwa mwekundu.

Mwana wa Mvita

Shikamoo Mwalimu. Naomba niongeze upande wa Misri, kwa sababu nimesoma habari za *bennu* kwa miaka mingi na sipendi aachwe kama kivuli cha finiksi.

Mwandiko wa Misri haukuonyesha irabu. Kilichoandikwa ni konsonanti tatu, *b-n-w*, na irabu tunazotamka leo ni makubaliano ya wasomi. Jina hilo huhusishwa na kitenzi *wbn*, kinachotumika kwa jua linapochomoza na kung'aa, na linakaa jirani na *benben*, lile jiwe takatifu la Heliopolis lililowakilisha kilima cha kwanza kilichojitokeza katika maji ya mwanzo wa dunia. Katika Maandishi ya Mapiramidi, ambayo ni ya milenia ya 3 KK, jua muumba linaambiwa kwamba lilichomoza kama *benben* katika nyumba ya *bennu*, huko Oni. Oni ndiyo hiyo Heliopolis, mji wa yule kuhani ambaye Yusufu alimwoa binti yake.

Katika michoro ya baadaye *bennu* ni ndege wa majini wa kijivu, wa jamii ya koikoi, ambaye pengine huitwa kulastara: miguu mirefu, shingo iliyopinda, na manyoya mawili membamba yaliyolala kisogoni. Aliyewahi kumwona koikoi amesimama kimya juu ya kisiki maji ya mto yakiwa yamefunika kila kitu ataelewa kwa nini Wamisri walimweka juu ya kilima cha kwanza. Sura yake akiwa juu ya kijiti cha kutulia ilitumika hata katika mwandiko wao kuonyesha mafuriko. Sura ya 83 ya kile tunachokiita Kitabu cha Wafu inampa marehemu maneno ya kumwezesha kugeuka kuwa *bennu*. Huyu ni ndege wa kujitokeza na kuchomoza. Hafi kwa moto, na ile hesabu ya miaka 500 si yake. Hayo tumeyapata kwa Wagiriki na Warumi.

Kuhusu sauti, nitasema jambo ambalo wenzangu wa Mombasa watalielewa upesi. Sisi tunatofautisha paa la nyumba na p'aa wa porini kwa pumzi inayotoka baada ya p ya pili. Herufi ya Kigiriki inayoandikwa *ph* ilitamkwa zamani hivyo hivyo, yaani p yenye pumzi, na haikuwa f kama ilivyo sasa. Kwa hiyo anayesema *bennu* aligeuka kuwa *phoinix* anapaswa kueleza kwa nini b nyepesi iligeuka p yenye pumzi, wakati Wagiriki waliposikia b katika majina ya miji ya Misri, kama Bubastis, waliiandika b yao ya kawaida. Tena anapaswa kueleza ile k iliyo katika shina la neno, ambayo Kimisri hakina mahali pa kuitoa. Nakubaliana na Mwalimu kwamba jina lilikuwapo, na mfanano mdogo wa sauti ulisaidia tu kuwaunganisha ndege wawili.

Ila kuna jambo moja linalonifanya nisiufunge mlango kabisa. Katika Kimisri neno la tende, na pia la utamu, lina konsonanti *b-n-r*, na linafanana na jina la ndege kiasi kwamba kuhani anayependa kucheza na maneno, na makuhani wa Misri walipenda sana, hangeshindwa kuyaweka pamoja. Basi mtu wa Heliopolis alikuwa na ndege na tende vyenye majina jirani, na Mgiriki aliyekuja kumsikiliza alikuwa na neno moja lenye ndege na mtende. Sidai kwamba moja limezaa jingine. Nasema kwamba tafsiri kati ya watu wawili wa namna hiyo ilikuwa na njia iliyokwisha kulimwa.

Afisa Misitu

Mimi nitajibu lile la mkindu. Carl Linnaeus alipoupa mtende jina la kitaalamu mwaka 1753 alichukua neno la Kigiriki la mtende kama lilivyotumiwa na Theophrastus, baba wa elimu ya mimea, akauita *Phoenix dactylifera*. Sehemu ya pili ina maana ya mbebaji wa vidole, kwa sababu tende zilifananishwa na vidole vya mtu. Tangu hapo mitende yote ya jamii hiyo inabeba jina la *Phoenix*, na mkindu ulipoelezwa kitaalamu na Jacquin mwaka 1801 uliongezewa *reclinata* kwa sababu ya mashina yake yanayoinama. Kwa hiyo mwanafunzi wako aambiwe kwamba mti huu haukuchukua jina la ndege. Umelipata kwa mtende, ambao ni ndugu yake wa damu, na huo mtende ulikuwa na jina hilo pengine kabla ya ndege.

Undugu huo unaonekana ukiukaribia mti. Makuti ya mkindu, kama ya mtende, yamekunjwa kila kijani, yaani kila jani dogo la kuti, kwa mfereji unaotazama juu, tofauti na mnazi ambao mfereji wake unatazama chini, na vijani vya karibu na shina vimegeuka miiba mikali ambayo kila mkata ukindu anaijua. Linalochukuliwa ni kuti changa la katikati ambalo halijafunguka, likachanwa, likaanikwa mpaka likawa jeupe, chane nyingine zikachemshwa katika rangi, kisha zikasukwa ukili na ukili ukashonwa mkeka. Rangi nyekundu ni mojawapo ya zinazopendwa. Hiyo inanipa furaha ya pekee, kwa sababu ukindu uliotiwa wekundu ni *phoinix* kwa maana mbili za Kigiriki kwa wakati mmoja, ingawa msukaji hana haja ya kujua hilo.

Kuna jambo la maumbile ambalo ningeshauri litajwe. Mtende na mkindu vyote hutoa machipukizi shinani, na shina la zamani likifa chipukizi lililoota kando yake huendelea, likiwa ni mti ule ule kwa kila hali. Mkulima wa tende hapandi kokwa akitaka aina aliyoizoea, anahamisha chipukizi. Pliny, Mrumi wa karne ya 1 BK, alipoandika kuhusu mitende alisema amesikia kwamba upo mmoja unaokufa na kuzaliwa upya wenyewe pamoja na yule ndege, na kwamba ndege anadhaniwa kuupata jina lake kwa mti huo. Mtende wa namna anayoisimulia haupo. Lakini aliyewahi kuona chipukizi likisimama palipokuwa na gogo lililooza hashangai kwamba watu wa kale waliona kufufuka kwenye mti huu.

Mwanafunzi wa Theolojia

Nimesoma majibu yote kwa furaha, na naona kuna mahali katika Maandiko ambapo mkanganyiko wa ndege na mtende ulileta tofauti kubwa ya tafsiri. Katika Ayubu 29:18, Ayubu anasema alidhani atafia katika kiota chake na kuzidisha siku zake kama *chol*. Neno hilo la Kiebrania kwa kawaida ni mchanga, na hivyo ndivyo Biblia zetu za Kiswahili zinavyosoma. Lakini marabi wa kale, kwa sababu mstari wenyewe umetaja kiota, walilisoma kuwa ni jina la ndege. Katika midrashi ya Mwanzo, yaani maelezo yao ya kale ya kitabu hicho, wanasimulia kwamba Hawa aliwapa wanyama wote lile tunda wakala, isipokuwa ndege mmoja aitwaye *chol*, na ndiyo maana ndege huyo huishi miaka 1000 kisha akaanza upya. Tafsiri ya Kiyahudi ya Kiingereza ya mwaka 1917 imeweka finiksi mahali hapo.

Sasa tazama walichofanya watafsiri wa Kigiriki wa kale: wao wameandika kwamba Ayubu ataishi kama shina la *phoinix*, yaani shina la mtende, na Kilatini cha Jerome kikafuata kwa kusema mtende peke yake. Mchanga umefikaje kuwa mtende? Maelezo yanayonishawishi ni kwamba mtafsiri wa kwanza aliandika *phoinix* akimkusudia ndege, kama marabi, na mkono wa baadaye, ukidhani ni mti, ukaongeza neno la shina ili kuondoa utata. Ikiwa ndivyo, basi neno moja lenye maana mbili limempoteza ndege ndani ya mstari wake mwenyewe.

Kosa la upande wa pili lilitokea Karthago. Zaburi ya 92 inasema kwamba mwenye haki atasitawi kama mtende, na Kigiriki kimetumia *phoinix*. Tertullian, aliyeandika kitabu chake cha ufufuo mwanzoni mwa karne ya 3, aliusoma mstari huo kuwa ni habari ya ndege, akautumia kama ushahidi kwamba Mungu amewapa watu kielelezo cha kufufuka kwa miili. Mwerezi wa Lebanoni unatajwa katika mstari huo huo, na ungetosha kumwonyesha kwamba mtunzi alikuwa anazungumza juu ya miti, lakini ndege alikuwa amekwisha kuwa mashuhuri kanisani, kwa kuwa waraka wa Klementi wa Roma wa mwishoni mwa karne ya 1 ulikuwa umemtaja kwa hoja iyo hiyo. Nami naona ni jambo la kutafakari kwamba aliyekosea ni mtu wa Karthago, mji uliojengwa na watu wa Tiro, ambaye kwa Kigiriki asili ya mji wake, mti wa zaburi na ndege wa hoja yake vyote vilikuwa neno moja.

Katika Yohana 12:13 umati uliotoka kumlaki Yesu ulichukua matawi ya *phoinix*, na hapo hakuna aliyewahi kusoma vibaya. Neno lililotumika hapo kwa matawi, *baia*, limetoka Misri, kwa hiyo kirai kizima kimebeba Misri na Foinike pamoja.

Msomaji wa Pangani

Nawashukuru wote, na Mwalimu nakuamkia. Kabla sijaandika, naomba msaada mmoja tena. Kuna maelezo yanayosambaa kwamba finiksi alikuwa heroe, yule ndege mwekundu wa maziwa ya magadi, kwa sababu huatamia katika Ziwa Natron ambako matope yana joto kali na hewa hutetemeka juu yake kama moto. Kwa kuwa Natron iko Tanzania ningependa sana iwe kweli. Je, jina linaunga mkono?

Mtazama Ndege

Jina linaunga mkono udugu wa rangi tu. Heroe kwa Kigiriki aliitwa *phoinikopteros*, mwenye mabawa mekundu, na jina hilo limebaki katika elimu ya ndege: heroe mkubwa ni *Phoenicopterus roseus*, na heroe mdogo, ambaye Natron ndiyo mazalio yake makuu duniani, ni *Phoeniconaias minor*. Umeona basi kwamba ni lile lile *phoinix* la rangi.

Lakini jina hilo hilo ndilo linalokataa hadithi. *Phoinikopteros* anatajwa katika tamthilia ya Aristophanes kuhusu ndege iliyochezwa Athene mwaka 414 KK, akiwa ni ndege wa kawaida wa vinamasi. Wagiriki walikuwa na jina moja la heroe na jina jingine la finiksi, na Herodotus aliyepata kuona picha alimlinganisha finiksi na tai, ambaye hana shingo wala miguu ya heroe. Isitoshe, heroe hutaga kwa maelfu kwa maelfu juu ya vichuguu vya matope, wakati sifa ambayo waandishi wa kale hawakuichoka ni kwamba finiksi yuko mmoja tu ulimwenguni. Natron ina maajabu yake ya kutosha, na wanafunzi waelezwe hayo kwa haki yake, kwamba wekundu wa heroe hutokana na vijimea vya magadi anavyokula.

Kwa kuwa umoja umetajwa: Isidore wa Seville, aliyekufa mwaka 636, aliandika kwamba ndege ameitwa hivyo ama kwa rangi yake, ama kwa sababu Waarabu humwita kitu cha pekee *phoenix*. La kwanza linasimama. La pili usilichukue, kwa maana Kiarabu hakina neno la namna hiyo. Ndege wa kisasili wa Waarabu ni *anqa*, ambaye jina lake linatokana na shingo, *unuq*, na watafsiri walipolazimika kumpata wa kumweka mahali pa finiksi walimchukua yeye, ingawa sifa yake kubwa ni kutoonekana. Waarabu husema visivyopatikana ni vitatu, zimwi, *anqa* na rafiki mwaminifu.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Nimebakiwa na suala la tahajia, kwa kuwa faharasa itahitaji kidahizo, yaani neno linaloanzia maelezo. Kiswahili kimelipokea neno hili mara mbili kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya watafsiri wa Biblia, waliofuata Kigiriki, ndiyo maana tuna Foinike katika Matendo ya Mitume na Msirofoinike katika Marko 7. Njia ya pili ni ya Kiingereza: *oi* ya Kigiriki iliandikwa *oe* na Warumi, Waingereza wakaitamka kama i ndefu, nasi tukaandika finiksi kama tulivyosikia. Matokeo ni kwamba Mgiriki aliona neno moja, na msomaji wetu anaona maneno mawili ambayo hayana dalili ya kuhusiana.

Sikushauri ubadilishe lolote kati ya hayo, kwa kuwa yote mawili yamekwisha kuzoeleka. Weka kidahizo kwenye finiksi, kisha ndani ya maelezo andika *phoinix* mara moja kwa mlazo, na mara baada yake utaje Foinike, mtende na rangi, ukieleza kwamba neno ni moja. Usiandike kwamba limetokana na *bennu*. Andika kwamba Wagiriki walimfananisha ndege wao na *bennu* wa Heliopolis, kwa maana kufananisha kunaweza kuthibitishwa kutoka kwa Herodotus, na kutokana hakuwezi. Na mkindu uupe kidahizo chake wenyewe, chenye rejeo la finiksi, ili mwanafunzi wa Pangani aanzie kwenye mti anaoujua.

Msomaji wa Pangani

Nitafanya hivyo, Mwalimu. Kidahizo cha mkindu nitamwomba Afisa Misitu akipitie kabla ya kuchapwa, hasa kile kipengele cha mfereji wa vijani, ili kiambatane na mchoro.

Afisa Misitu

Nitumie. Mchoro uonyeshe kuti lililokatwa kwa upana, mtende na mkindu upande mmoja na mnazi upande wa pili, kwa sababu bila hivyo mfereji hauonekani.